Kundi la watu 200, binti anasimangwa, wote kimya

Dada, umeuliza kwa nini kwenye kundi lenu la WhatsApp la watu 200 binti anasimangwa na wote wanasoma tu. Wanasaikolojia Darley na Latané walilionyesha hili mwaka 1968: mashahidi wakiwa wengi, kila mmoja humwachia mwenzake. Anayeingilia kwa kawaida ameshaona kuwa huo si utani tena, amejihesabu anahusika, na anajua la kufanya. Kwa hiyo "jamani acheni" ya kuwaambia wote haimgusi mtu. Piga skrinishoti kwanza, maana ikifutwa ushahidi umekwenda. Kisha mfuate admini inboksi, kwa jina lake: "Mama Fulani, tafadhali futa ile picha ya kumsimanga binti iliyotumwa saa mbili." Binti naye mwandikie faragha, leo hii. Kumtukana mchokozi hadharani? Hapo mmempa jukwaa.