Binti anataka ubingwa wa magonjwa ya akili

SWALI: Binti yangu yuko mwaka wa 5 wa udaktari na ameazimia kubobea katika magonjwa ya akili. Wajomba zake wamekuja juu, wakidai kwamba huo si udaktari, na kwamba hausomeshwi nchini mpaka uende Ulaya. Ukweli ni upi? – Mama, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mama, wajomba wamepitwa na wakati. Ubingwa huo husomeshwa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kwa miaka 3, baada ya kumaliza shahada ya udaktari na mwaka 1 wa utarajali.

Hata hivyo, hofu yao ina chanzo. Mkoani kwenu, hospitali ya Lutindi kule milimani Korogwe ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, na Mirembe ya Dodoma ikafuata mwaka 1927, ilhali chuo cha kwanza cha kufundisha madaktari nchini kilifunguliwa mwaka 1963. Kwa muda mrefu, basi, watu walifahamu mahali pa kuwatunza wagonjwa hao pasipo kumwona daktari mzalendo aliyesomea maradhi yao.

Ugumu wa mafunzo haya, kwa maoni yangu, umo zaidi katika lugha. Daktari wa mifupa ana picha ya eksirei. Wa akili hutegemea mazungumzo, naye amefundishwa kwa Kiingereza. Mgonjwa wa Tanga hasemi kwamba ana sonona, bali husema moyo mzito, au mawazo yamemzidi. Akiulizwa kama husikia sauti za watu asiowaona, mwingine atajibu kwamba ndiyo, kwa kuwa kwao kuna ruhani wa ukoo, na huo pekee hauwi ugonjwa. Kupambanua hayo hujifunzwa kando ya mwalimu mzoefu, na walimu wa namna hiyo ni wachache, wengi wao wakiwa katika miji mikubwa.

Kwa sababu ya uchache huo, wagonjwa wengi wilayani huhudumiwa na wauguzi na matabibu, ambao bingwa hutakiwa kuwaelekeza. Binti yako ajiandae, kwa hiyo, kuwa mwalimu pia. Kabla ya kujaza fomu yoyote, aombe ruhusa ya kushinda siku chache Lutindi, aone kazi yenyewe. Na mjomba mmoja amsindikize.