Jibu: Tuanzie wapi kurekebisha mtaala wa kompyuta?

Mwalimu, umeuliza ninyi watano mnaorekebisha mtaala wa kompyuta muanzie wapi. Msianze na orodha ya programu, zinabadilika kila mara. Anzeni na pale mwanafunzi anapokwama. Mwambie ahifadhi faili leo, kesho alitafute mwenyewe. Wengi hushindwa hapo hapo, maana simu imewazoesha kutojua faili linakaa wapi.

Uingereza ilipobadilisha somo hili mwaka 2014, watoto wa miaka 5 walianza kufundishwa algorithimu, yaani hatua za kufuata kwa mpangilio ili kumaliza kazi, na unaweza kuzifundisha kwa kadi tu, bila kompyuta.

Halafu nakuomba sana, mwalimu wa hisabati na wa lugha wawepo tangu kikao cha kwanza. Kuchambua data ni hisabati. Kupima ukweli wa habari ya mtandaoni ni usomaji. Na andikeni kwenye waraka mmoja wa pamoja, si nakala tano zinazozunguka kwa barua pepe.