Hedi za Stock Eliminator: soma namba kabla ya kutoa pesa

Kwenye Stock Eliminator, daraja la mbio za drag la NHRA (chama cha mbio hizo Marekani) kwa magari yanayobaki karibu na yalivyotoka kiwandani, hedi (kichwa cha injini) ya kununua ni ile ambayo mkaguzi akifungua injini ataikubali. Ipitishe hewa kiasi gani, kama haimo kwenye vipimo vya injini yako, umenunua chuma tu. Kwa hiyo, kabla hujampigia muuzaji, tafuta vipimo vya NHRA vya injini yako hasa, kwa mwaka na modeli, uandike mambo matatu: namba za kasti (zilizo kwenye chuma tangu hedi ilipomiminwa) zinazoruhusiwa, vipenyo vya valvu, na ujazo wa chini kabisa unaoruhusiwa wa chemba (nafasi ya mwako ndani ya hedi). Hedi mbadala ya kampuni nyingine ni halali pale tu NHRA imeikubali kwa injini hiyo. Muuzaji akisema "inaingia bila marekebisho", anazungumzia boliti kuingia, si kanuni.

Kwa Chevrolet small-block (injini ya V8) ya zamani, namba ya kasti iko ndani, chini ya kava ya valvu. Omba picha kava ikiwa imetolewa. Karibu nayo kuna tarehe: C 14 9 ni tarehe 14 Machi (C ni mwezi wa tatu), mwaka unaoishia na 9. Inaweza kuwa 1969 au 1979, kwa hiyo tarehe peke yake isikutoe pesa.

Ichungulie kila porti (njia ya hewa au moshi ndani ya hedi) kwa tochi. Ukuta wa kasti una ukwaruzo wa mchanga; sehemu iliyong'aa au yenye mikwaruzo ya grainda imeguswa, na Stock hairuhusu kupanua porti, kung'arisha, kuchomelea wala kujaza epoksi. Super Stock, daraja jingine la NHRA, ina uhuru zaidi, ndiyo maana hedi nyingi nzuri zinazouzwa zilikwisha kupanuliwa. Ziache.

Kabla ya kulipa yote, mkubaliane hedi irudi ikishindwa vipimo vya ufa: sumaku kwa chuma, rangi ya kupenya kwa alumini, na presha ya hewa kwenye njia za maji. Nyufa hupenda kutokea kati ya siti (mahali valvu inapokalia) ya valvu ya kuingiza na ya ekzosi.

Sasa pima chemba, na hapa usiharakishe. Funga plagi, paka siti grisi nyembamba, weka valvu. Funika chemba kwa kioo cha plastiki chenye tundu la mm 6 karibu na ukingo, grisi kidogo kuzunguka, kisha inamisha hedi ili tundu liwe juu kabisa. Jaza spiriti yenye rangi kwa bureti mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Kiputo kikibaki, chemba itasomeka ndogo kuliko ilivyo. Pima zote nane, kwa sababu mkaguzi anaweza kupima yoyote.

Kama zimezidi ujazo wa chini unaoruhusiwa, skimu, yaani kwangua uso wa chini wa hedi. Kwenye small-block, mm 0.15 hadi 0.18 hupunguza takriban cc 1. Usikwangue mpaka kwenye kikomo: chemba ndogo kuliko zote ibaki nusu cc juu ya kikomo hicho, maana masizi hupunguza ujazo msimu ukiendelea. Kazi ya siti imalizike kwanza, kwani valvu ikizama ujazo huongezeka na hesabu ya skimu hubadilika. Na ikiwa hedi iliskimiwa sana zamani, cc zilizopotea hazirudi. Hata ikiwa bei nafuu, mwachie mwingine.