Kushika koti bila kumaliza mikono: mbinu na nguvu kwa mcheza judo

Mchezaji akitoka kwenye pambano akashindwa hata kufungua kifuniko cha chupa ya maji, wengi humwambia akaongeze vyuma. Mara nyingi nguvu anazo, ila anazimaliza vibaya kwenye kushika koti la mpinzani. Pambano ni dakika 4, na likienda kwenye muda wa nyongeza halina kikomo. Kigasha kilichokazwa tangu sekunde ya kwanza hakifiki huko.

Anza na vidole. Kwa anayecheza kulia, mkono wa kushoto unakamata mkono wa koti la mpinzani karibu na kiwiko, wa kulia unakamata ukosi usawa wa mtulinga. Nguvu ikae kwenye kidole cha mwisho, cha pete na cha kati. Gumba na cha shahada vilegee. Ukibana vyote vitano kwa nguvu, damu haizunguki vizuri kwenye kigasha, kiwiko kinapanda na bega linakakamaa. Bega likishakakamaa, mpinzani anahisi kupitia koti kila unachokusudia. Shusha kiwiko, kaza pale tu unapovuta, kisha legeza bila kuachia. Na usitumbukize vidole ndani ya mwisho wa mkono wa koti: ni kosa la kupewa shido (adhabu ndogo ya mwamuzi), na ndiyo njia rahisi ya kuvunjwa kidole.

Tazama kazi ya mikono hiyo kwenye o-soto-gari, mtupo wa kumfyeka mpinzani mguu kutoka nje ili aanguke chali. Mguu wa kushoto unakanyaga pembeni mwa mguu wa kulia wa mpinzani, sawa nao au mbele yake kidogo. Wakati huohuo mkono wa kushoto unavuta koti lake kuelekea nyonga yako, na wa kulia unamsukuma juu na nyuma kuelekea sikio lake, mpaka uzito wake wote ukae kwenye kisigino cha kulia. Kifua chako kiguse chake. Hapo ndipo mguu wako wa kulia unapita, unarudi kwa nguvu na kufyeka nyuma ya paja lake, huku kichwa chako kikishuka. Wanaoanza hukosea hapohapo: wanakanyaga mbali, halafu wanaufukuzia mguu wa mpinzani kabla hajayumba. Mpinzani bado amesimama imara, anageuza uzito na kumwangusha mshambuliaji kwa mbinu ileile. Anayetupwa lazima abane kidevu kifuani, maana anaanguka chali na kisogo kinaweza kugonga mkeka kwanza. Asiyejua kuanguka asifanyiwe mbinu hii kwa kasi.

Sasa nguvu. Judo inataka zaidi mvuto wa mgongo na msukumo wa nyonga kuliko kifua kipana, ingawa vijana wengi hukimbilia kusukuma chuma wakiwa wamelala kwenye benchi. Tundika koti la zamani juu ya chuma, shika kola mbili, jivute mara 4 hadi 6, seti 4, ukipumzika dakika 2 katikati. Asiyeweza kujivuta aning'inie tu sekunde 20, aongeze taratibu. Kunyanyua chuma kutoka chini, seti 3 za mara 5, mgongo ukiwa umenyooka. Ukiupinda ili umalizie mara ya mwisho, mzigo umeshakuwa mkubwa. Pasipo na vyuma, gunia la mchanga la kilo 30 linatosha kuanzia: likumbatie, linyanyue kwa nyonga, geuka nalo pande zote mbili.

Tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye mti ni chombo kizuri mno cha kurudia kuingia kwenye mtupo, yaani kuvuta na kugeuka bila kumtupa mtu. Fanya sekunde 20, pumzika 40, mara 6. Ila angalia visigino: ukigeuka kabla ya kuvuta, tyubu inakurudisha nyuma na unajizoesha kuingia ukiwa umeegemea visigino. Vuta kwanza, geuka baadaye, hata kama kasi itapungua.

Siku mbili kwa wiki zinatosha, tena baada ya mazoezi ya mbinu, wala si kabla. Mikono iliyochoka hujifunza kushika vibaya. Kano huchelewa kuimarika kuliko misuli, kwa hiyo misuli inaweza kukuruhusu kuongeza mzigo ambao kiwiko hakijawa tayari kuubeba. Maumivu upande wa ndani wa kiwiko ndiyo dalili ya kwanza. Yakianza, acha kuning'inia kwenye koti, endelea na miguu na nyonga. Wakati wote fanya pia kazi ya kufungua vidole: ingiza mkono kwenye ndoo ya mchanga na uvitanue mara 20, au vivishe mpira wa kufungia noti na uvipanue. Siku 5 kabla ya mashindano ondoa kabisa kazi nzito ya kushika. Bakiza tyubu, kwa wepesi, na plasta kwenye vidole vinavyouma.