Kabla hujanunua pikapu, hesabu magunia

Gari langu la kwanza la kazi lilikuwa pikapu kubwa ya dizeli, ya kubeba tani moja. Nilikuwa nimeanza kuwaletea wauza chipsi wa Nakuru viazi kutoka Mau Narok, juu milimani, na kagari kadogo niliona ni aibu. Miezi minane baadaye nikafungua daftari: siku nyingi nilibeba magunia matano au sita ya kilo 50. Nafasi iliyobaki nilikuwa nikisafirisha hewa, kwa dizeli yangu mwenyewe.

Nikaiuza, nikachukua Suzuki Carry, kilori kidogo cha cc 660, kile Watanzania wanachokiita kirikuu. Huko Japani magari ya aina hii yamewekewa kikomo cha mzigo cha kilo 350, yaani magunia saba. Hapo ndipo wengi hujidanganya, maana sakafu ya nyuma ni bapa na magunia kumi na mawili yanaenea vizuri tu. Mimi niliyapakia. Tukiteremka kuelekea Njoro, breki zikaanza kunuka, kisha pedali ikawa laini mguuni. Nilisimama kando ya barabara nusu saa nzima, nikatafuna mahindi ya kuchoma huku nikiliangalia gari kama mtu aliyenikosea. Tangu siku hiyo sipiti saba.

Kupanda nako kuna adabu yake. Injini ndogo isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, huishiwa pumzi kwenye hewa nyepesi ya Mau. Ni gia ya pili na uvumilivu, malori yakikupita.

Lakini ingia vichochoro vya Rhonda au Kaptembwo, mitaa ya Nakuru! Pikapu niliiacha mbali nikalipa vijana wa mkokoteni. Hili dogo, lenye upana wa mita 1.48 tu, linafika mlangoni kwa mteja, na kwa kuwa kuta zake hushuka pande tatu, gunia unalivuta kutoka ubavuni bila kupanda juu.

Kwa tope la mashambani, tafuta lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kabla ya kulipa, inua kiti. Injini iko hapo chini, uone kama mafuta yanavuja.

Kama wewe ni wa saruji na mawe kila siku, nunua pikapu, usinisikilize. Mimi siku za mzigo mkubwa, mara mbili tatu kwa mwezi, hukodi ya jirani. Jirani huiendesha mwenyewe, na springi zikivunjika ni zake.