Usiishie Kwenye Kitabu Ulichokifuata

Watu wakiisifia maktaba ya umma husema ni mahali pa kusoma bure. Ni kweli, na kwa asiye na hela ya vitabu hiyo pekee inatosha. Mimi ninayeandika naipendea zaidi jambo jingine: hunikutanisha na kitabu ambacho sikujua hata kama kipo.

Niliwahi kuandika hadithi ambayo mhusika wake ni mfugaji nyuki. Intaneti ilinijibu nilichouliza, ikaishia hapo. Maktaba nikaelekezwa rafu ya 638.1, mahali pa ufugaji nyuki katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kufuata mada, uliochapishwa Marekani mwaka 1876 na ambao maktaba nyingi duniani zinautumia hadi leo. Kando ya kitabu nilichokifuata kulikuwa na kijitabu chembamba, jalada limechakaa, kuhusu magonjwa ya nyuki. Nikakisoma nikiwa nimesimama. Kumbe kuna ugonjwa unaoozesha mabuu, na mfugaji huupima kwa njiti ya kiberiti: anaichomeka ndani ya kijumba cha buu lililokufa, kisha anaivuta taratibu. Ikitoka na uzi wa kahawia unaonata, mzinga huo una balaa. Sura nzima ya hadithi yangu imetokana na njiti hiyo. Ningeiulizaje intaneti, na sikujua kama kuna cha kuuliza?

Kwa hiyo ukifika rafuni, angalia vitabu vitano kushoto na vitano kulia kabla hujaondoka.

Halafu usimpite mkutubi. Wengi humwendea kama mlinzi wa mlango, wanauliza choo kiko wapi, basi. Mweleze unachokifanya, si jina la kitabu tu. Mimi niliposema nataka kujua nyuki anavyoishi, mkutubi alinipeleka 595.79, kwenye elimu ya wadudu, mbali kabisa na rafu ya ufugaji. Peke yangu nisingefika huko.

Msomaji naye ana uhuru ambao duka haliwezi kumpa. Kitabu cha kuazima kikikuchosha ukurasa wa 30, kirudishe bila kinyongo. Ndivyo nilivyothubutu kujaribu ushairi, ambao nisingeutolea hela.

Kuna wanaodhani kuazima ni kumnyima mwandishi riziki yake. Si hivyo. Denmark ilianza mwaka 1946 kuwalipa waandishi kwa sababu vitabu vyao vimo maktabani, na Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1979. Hata pasipo na malipo hayo, nakala ya maktaba imenunuliwa, na msomaji aliyempenda mwandishi kwa kuazima ndiye atakayekitafuta kitabu chake kijacho.

Ila azima rasmi. Maktaba hupunguza vitabu visivyoguswa ili kupisha vipya, na moja ya mambo yanayotazamwa ni kumbukumbu za kuazimwa. Kitabu unachokipenda, ukikisomea palepale na kukirudisha rafuni, huenda kisionekane kama kimesomwa.

Usichokikuta, usiondoke kimyakimya. Omba kinunuliwe au kiletwe kutoka maktaba nyingine. Andika jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka, na ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, kama unayo. Ombi la "kile kitabu chenye jalada jekundu" linamtesa mkutubi bure.