Picha Unayoipenda Huenda Isifae Kuchorwa

Msomaji mmoja wa Donholm analalamika kwamba mchoro wa mbwa wake umerudi na sura ya mbwa wa jirani: pua kubwa, macho mawili meusi tii. Anamlaumu mchoraji. Lakini picha aliyompa ilipigwa saa saba mchana, simu ikiwa karibu kabisa na pua, kisha ikatumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Mchoraji alichora alichopewa.

Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, kwa hiyo ukisogea karibu, kilicho mbele huvimba na kilicho nyuma hunywea. Mbwa mwenye mdomo mrefu hutoka pua tupu. Rudi nyuma kama mita 2, kisha tumia zumu ya mara 2. Piga magoti ili lenzi ilingane na macho yake. Paka mpandishe mezani. Ukimpiga picha ukiwa umesimama, utapata kichwa kikubwa juu ya vijiguu vifupi.

Mwanga ndio unaoharibu picha nyingi zaidi. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na adhuhuri jua huwa karibu na utosi, paji la uso likatia macho kivuli. Piga kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Yale mawingu ya Julai tunayoyanung'unikia hufaa siku nzima, kwa kuwa mwanga wake ni laini. Ndani ya nyumba, mwelekeze mnyama kwenye dirisha au mlango ulio wazi na uzime taa, maana balbu ya njano hubadilisha rangi ya manyoya. Flashi usiiwashe kabisa: nyuma ya jicho la mbwa na la paka kuna utando unaorudisha mwanga, hivyo jicho hung'aa kijani au njano na rangi yake halisi hupotea. Kinachotakiwa ni nukta ndogo nyeupe ya mwanga jichoni. Bila nukta hiyo mchoro huonekana mfu, hata mchoraji awe fundi namna gani.

Mnyama mweusi, gusa uso wake kwenye skrini, kisha ongeza mwangaza mpaka manyoya yaonekane. Ukuta wa nyuma ukigeuka mweupe kupita kiasi, haidhuru. Mweupe, punguza. Umwondoe pia kwenye nyasi na turubai la bluu, kwa sababu rangi hizo humrukia kidevuni, na mchoraji asiyemjua atazichora.

Na filta, jamani! Mnalipia mfanano, kisha mnautia rangi za bandia. Acheni.

Tuma faili kama hati, si kama picha, maana WhatsApp huibana. Picha ya skrini nayo haifai. Ukitaka kujua kama faili inatosha, vuta kwa vidole mpaka jicho lijaze skrini: ukingo wa mboni ukionekana wazi, tuma, ukiona miraba miraba, tafuta nyingine.

Picha moja haitoshi. Chagua ya mkao utakaochorwa, useme wazi kuwa ndiyo hiyo, kisha ongeza tatu au nne za ubavuni, za mabaka na za rangi yake kivulini. Andika sikio lipi limekatika, na kama ukanda wa shingoni uchorwe au uachwe. (Ulimi nje hubadilisha umbo la mdomo wote, amua mapema.)

Kwa mnyama aliyekufa, usiombe kichwa cha picha hii kiwekwe juu ya mwili wa picha ile kabla ya kuangalia vivuli: mwanga ukitoka kushoto huku na kulia kule, shingo haitaungana. Pekua na video za zamani. Fremu (picha moja ya video) ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, na aliposimama tuli inaweza kutosha kwa uso. Ya 1080p, yenye pikseli chache zaidi, itumie kuonyesha mabaka tu.